Kungwi Mbele ya Mkwe

Siku daktari aliponiuliza habari za ugonjwa wangu nilisema uongo mara kumi na moja, na mkwe wangu akauandika wote kwenye daftari, kwa hati nzuri, akiutia namba.

Msinilaumu kabla hamjanisikiza. Mtu akishaambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, akili haitulii papo hapo. Daktari Mramba, kijana mpole wa Kaloleni ambaye miwani yake haikai puani, alinipa habari hiyo taratibu, akaningoja nivute pumzi, kisha akaanza maswali yake.

"Mama, unatokwa na damu isiyo ya kawaida?"

"Hapana."

"Mgongo unauma?"

"Hata kidogo."

"Mkojo je?"

"Mzuri sana, alhamdulillahi."

"Na mkikutana na mzee, unaumia?"

"Sisi hukutana kila asubuhi kwa chai," nikamwambia, "na sijaumia hata siku moja."

Daktari alisukuma miwani juu akanitazama. Kwenye kiti cha pembeni Ridhwan, mume wa binti yangu, aliandika: *Namba 8. Haumii. (Chai.)*

Swali la mwisho lilikuwa kama natumia dawa zozote za kienyeji. "Astaghfirullah!" nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa mamake. Hiyo ikawa namba kumi na moja, nayo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Kweli yenyewe ni hii. Damu ilinianza kabla ya Ramadhani. Mgongo ulikuwa ukiniuma hata kuinama kuwasha jiko ni kazi. Mkojo ulikuwa umepungua, na kila ulipokuja ulikuja kwa kisirani. Na uvunguni mwa kitanda changu, nyuma ya sanduku la nguo, palikuwa na chupa tatu za maji ya mizizi kutoka kwa mzee Kitsao, mganga wa upande wa Ganda, nami nikinywa bilauri tatu kwa siku, wiki ya sita sasa.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Ridhwan alikuwa pale.

Asiyekuwa wa kwetu ataona upuuzi. Lakini mkwe ni mkwe. Miaka minane tangu amuoe Ummi sijawahi kutafuna kitu mbele yake. Akija nyumbani hukohoa mlangoni, mimi nikajitanda leso mpaka kidevuni, kisha tukaamkiana huku kila mmoja akitazama zulia. Tunapendana sana, mimi na Ridhwan, na mapenzi yetu yote yamepita kwenye lile zulia. Leo nimwambie habari za damu?

Na kichekesho ni kwamba mimi ni kungwi. Mtu yeyote wa Malindi ukimwuliza Bi Tumu wa Barani atakwambia. Msichana akiposwa, mamake huniita, nami hujifungia naye siku saba nikimfunza mambo ya chumbani ambayo mamake hawezi kuyatamka. Wari sitini na tatu wamepita mikononi mwangu kwa miaka thelathini. Hakuna neno la mwili wa binadamu lililowahi kunikwama kooni, na mabibi harusi wengine nimewafanya wajifunike mto usoni kwa aibu. Kungwi mzima, mbele ya daktari, nikawa naongea habari za chai.

Ridhwan hakujitakia kuja. Ummi alikuwa nyumbani kwangu na mtoto wa siku kumi na tatu, hajamaliza arobaini, hawezi kutoka. Mume wangu Omar ni mchinjaji; huangusha fahali kila alfajiri bila kupepesa jicho, lakini akinusa dawa ya hospitali hudondoka chini kama gunia. Akabaki Ridhwan, mwalimu wa hesabu, mwenye kigari na mwenye adabu. Ummi alimwambia, nami nikisikia: "Usimwache mama hata dakika moja. Andika kila kitu." Mwalimu wa hesabu ukimwambia aandike kila kitu, ataandika mpaka rangi ya ukuta.

Basi hofu ya saratani nilikuwa nayo, sitaki kusema uongo wa kumi na mbili. Lakini chini yake kulikuwa na swali moja ambalo ndilo lililokuwa likinitafuna. Omar ni mume wangu wa pili. Alinioa nikiwa na miaka hamsini na mbili, mjane wa miaka sita, na alinioa kwa mapenzi, jambo lililowapa watu wa mtaa cha kuchekea mwaka mzima. Tulikuwa tukiishi vizuri, na ninaposema vizuri, mimi ndiye mwalimu wa somo hilo. Halafu miezi minne iliyopita akachukua mto wake akahamia ukumbini. Alisema ni joto. Malindi ina joto tangu Mungu aiumbe, na miaka mitano yote halikumhamisha. Nilitaka kumwuliza daktari: hii tiba ikinibakisha hai, nitabaki mke wa mtu, ama nitakuwa bibi wa kupika chai? Swali hilo nisingeweza kulitoa mbele ya mkwe hata kwa bakora.

Ikapita wiki, tukaitwa tena. Daktari alikuwa ametueleza kwamba madaktari wangekaa kikao, wapange tiba yangu: mionzi kule Mombasa, pamoja na dawa ya dripu mara moja kwa wiki. Kabla ya hapo walinitoa damu ya kupima. Siku hiyo ya pili ndiyo ya kukubaliana, na mimi niliamka na shauri moja tu kichwani: leo Ridhwan asiingie kwenye chumba kile.

Kumwambia "baki nje" haikuwezekana. Mkwe hafukuzwi. Ukimfukuza mkwe umemwambia ana kosa, na habari itafika kwa mamake kabla ya adhuhuri. Mkwe lazima aondoke mwenyewe, kwa miguu yake, akidhani ni shauri lake.

Tulipokaa kwenye benchi nikaanza pole pole. "Mwanangu Ridhwan," nikasema, nikiitazama sakafu, "koo limenikauka. Laiti ningepata dafu."

"Ninalo, mama." Akafungua kisanduku cha barafu miguuni mwake. Mlikuwa na madafu mawili, tende, chupa ya maji, mkate wa mofa uliofungwa kwenye kitambaa, na kijiko. Sijui kijiko alikibebea nini.

Hilo likashindwa. Lakini nilikuwa na la pili. Jirani yangu Kahaso, Mgiriama mwenye moyo wa dhahabu na kichwa cha kuazima, nilikuwa nimempanga tangu jana. Saa nne kamili ampigie Ridhwan simu, ajifanye mwalimu mkuu wa shule, amwambie kuna wazazi wanamsubiri aende haraka. Saa nne kamili simu ikalia. Ridhwan akapokea kwa heshima.

Nilimsikia Kahaso toka pale nilipokaa, sauti ameikaza kama anameza mawe. "Hapa ni mwalimu mkuu. Wazazi wamejaa ofisini. Njoo sasa hivi!"

"Shikamoo, mama Kahaso," Ridhwan akasema. "Ndiyo, mama yuko salama, tunangoja kuitwa. Nitamwambia umemsalimu."

Kisha akanigeukia, macho kwenye zulia ambalo halikuwapo. "Mama Kahaso anakusalimu."

"Mwambie nimeshukuru," nikasema, nikiapa moyoni kwamba Kahaso hatokula pilau yangu mpaka mwezi uandame.

Aliyeniokoa nusu alikuwa sista Pola, muuguzi wa kliniki ile. Alinichukua pembeni kunipima presha, akanong'ona, "Bi Tumu, yule kijana ni mwanao?"

"Mkwe wangu. Mume wa binti yangu."

Mashine ilikuwa bado inabana mkono wangu, lakini Pola alisahau kuisoma. "Mulungu wangu! Na wiki iliyopita uliingia kwa daktari, ukaulizwa yale yote, na mkwe yuko pale?"

"Alikuwa akiandika."

"Kwetu Dabaso mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani huchepuka akaingia kwenye mikoko, hata kama maji yamejaa." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo yale majibu yote ni ya mkwe."

"Yote," nikasema. Sikuweza kusema zaidi; Ridhwan alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yetu, akingoja kuandika presha.

Tulipoingia, Pola akajaribu kwa ustaarabu. "Mwalimu, tafadhali tusubiri nje kidogo, daktari ana maongezi na mama."

Ridhwan akatoa jasho usoni, maskini, lakini hakuinuka. "Samahani, sista. Nimesoma kwamba ndugu anaruhusiwa kukaa iwapo mgonjwa ameridhia. Mke wangu ameniagiza."

Daktari Mramba akanigeukia. "Ni kweli. Mama, unaridhia akae?"

Chumba kizima kikanitazama. Pola ananikonyeza kwa nguvu hata nikaogopa jicho litamtoka. Nikawa na neno moja tu la kusema, neno dogo ambalo mtoto wa mwaka mmoja analiweza.

"Akae," nikasema. "Akae, baba. Si mwanangu?"

Pola akatazama dari.

Daktari akafungua faili, na mara hii hakuwa na uso wa wiki iliyopita. "Mama, kuna jambo linanisumbua. Kipimo cha damu kinaonyesha figo zako hazifanyi kazi vizuri. Huenda uvimbe unabana njia ya mkojo, lakini wewe umesema mkojo hauna shida. Ama kuna kitu unakunywa, lakini umesema hunywi kitu. Dripu tuliyokupangia ni kali kwa figo. Jumatatu ndiyo tunaanza. Nikikosea hapa, nitaziua figo zako huku natibu kizazi. Nakuuliza tena, na sina haraka. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Nilifungua mdomo. Ridhwan, kwa nia njema tupu, akanijibia.

"Hatumii, daktari. Ukurasa wa tatu, namba kumi na moja. Ameapa." Akafunua daftari. "Mgongo, namba tano, hauumi. Mkojo, namba sita, mzuri sana, alhamdulillahi."

Niliusikia uongo wangu ukisomwa kwa ile sauti yake safi ya darasani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa nikaogopa kufa. Niliona wazi vile itakavyokuwa. Jumatatu nitalazwa, watanichoma ile dripu, nitakufa, na kwenye matanga Ridhwan atawasomea watu ukurasa wa tatu kuthibitisha kwamba nilikuwa mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ningeumbuliwa na mwalimu wa hesabu.

Basi nikavuta pumzi. Nikaiteremsha leso kutoka kidevuni mpaka mabegani, kama nifanyavyo nikishafunga mlango na mwari ndani.

"Daktari," nikasema, "kaa vizuri. Wiki iliyopita uliniuliza kama naumia nikikutana na mume wangu. Sikukujibu sawasawa. Leo nitakujibu kwa mpango, maana hii ndiyo kazi yangu."

Kalamu ya Ridhwan ikasimama.

"Andika, mwanangu," nikamwambia, na nilimtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Ana macho mazuri, nikaelewa Ummi alichokipenda. "Kichwa cha habari: Chumbani. Sasa, daktari. Tuanze na Ijumaa, kwa kuwa Omar hurudi mapema. Kwanza nafukiza udi, nguo na mwili. Udi una mahali pake na asumini ina mahali pake, usichanganye. Halafu shuka. Mwanamume wa umri wa Omar hatakiwi kuharakishwa, hasa magoti. Magoti ya Omar yana habari ndefu. Ukimlaza upande wa kulia—"

"Mama," Ridhwan akasema. Alikuwa ameiva usoni kwa wekundu kama tungule. "Mama, gari… nadhani nimeacha gari… taa za gari."

"Mchana huu, mwanangu?"

"Zinakula betri!"

Aliinuka na kiti, akagonga mlango kwa bega, akaomba radhi kwa mlango, akatoka. Tulimsikia akikimbia koridoni. Pola aliangukia kabati la dawa akicheka hata kofia ikamtoka, na Daktari Mramba alikuwa ameinamisha uso kwenye faili, mabega yakitetemeka.

Mimi sikucheka. Heshima ya miaka minane nilikuwa nimeivua kwa pumzi moja, na sikujua kama itavalika tena. Lakini mlango ulikuwa umefungwa.

"Haya," nikasema. "Tupa yale majibu. Yote kumi na moja ni uongo."

Nikampa kweli, moja baada ya moja. Damu, tangu lini na kiasi gani. Mgongo. Mkojo. Uchungu, naam, uchungu mkali, tangu kabla ya Ramadhani. Nilipofika kwa mzee Kitsao nilishusha sauti, nikingoja kukaripiwa. Daktari aliandika tu: bilauri tatu, wiki sita.

"Hunikemei?"

"Mama, nyanyangu alikuwa mteja wa waganga mpaka siku aliyofariki. Sina ugomvi na mzee Kitsao. Nina ugomvi na hizo figo. Acha kunywa leo, usingoje kesho. Niletee chupa moja tuione. Jumatatu hatuanzi. Tutakupiga picha tuone kama njia ya mkojo imebanwa, tupime damu upya, halafu kikao kitapanga tena kwa majibu haya. Tutachelewa kidogo, lakini tutajua tunachofanya." Akaweka kalamu chini. "Ungenyamaza leo, mama, ningekuumiza mimi. Ahsante."

Nilidhani nikishasema hayo nitakuwa mwepesi. Kumbe lile lenyewe lilikuwa bado. Daktari akaniuliza kama nina swali, na mimi, mwalimu wa wari sitini na tatu, nikatazama vidole vya miguu yangu. Pola akavuta kiti akakaa karibu nami.

"Nikipona," nikasema. Sauti ikakatika. Nikaanza upya. "Nikipona, nitakuwa mke?"

Daktari akasukuma miwani. "Tiba hii, mama, inaweza kuathiri kwa namna fulani maisha ya ndoa, yaani, ule ukaribu—"

"Mwanangu, unaongea kama kadi ya harusi. Sema."

Nilimhurumia, lakini sikumwachia. Mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza. Basi akasema, kwanza akigugumia, kisha akazoea. Mionzi hukausha na hukaza ndani. Tendo la ndoa lisubiri mpaka baada ya tiba, kidonda kipoe. Kuna mafuta ya kulainisha, na kuna kifaa cha kupanua taratibu, ambacho sista Pola angenifunza kukitumia. Huchukua miezi. Wengine hurudi vizuri, wengine hawarudi kama mwanzo, lakini hupata njia zao. "Siwezi kukuahidi utakuwa kama zamani," akasema. "Naweza kukuahidi kwamba swali hili tutakuwa nalo kila ukija, na hutaona haya kuliuliza."

Nililia basi. Sijui hata nililia kwa habari njema au mbaya. Pola alinipa kitambaa, akanishika bega, na daktari akaningoja.

"Mlete mzee," akasema mwishowe. "Haya ni yenu wawili."

"Mzee akiingia hospitali huanguka."

"Basi tutamkalisha kitandani mapema, asipate mbali pa kuanguka."

Ridhwan nilimkuta ndani ya gari, mikono miwili kwenye usukani, gari halijawashwa. Aliendesha polepole mpaka tukakaribia nyumbani. Hapo akakohoa, vile anavyokohoa mlangoni.

"Mama, nakushukuru."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Kwa kunitoa. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikiomba Mungu anipatie sababu ya kutoka, na kila nikimtazama Ummi naogopa kusema." Akakata kona. "Namba nane nilijua si kweli. Sikujua niandike nini."

Nikajitanda leso mpaka kidevuni. Tukacheka sote wawili, yeye akitazama barabara na mimi nikitazama dirisha, na hatujalitaja tena jambo lile mpaka hii leo.

Omar nilimpeleka Jumatano iliyofuata. Alikuja amefunga leso ya mkononi puani, imelowana manukato ya atari, macho ameyafumba, mimi nikimwongoza kwa mkono. Pola alimkalisha kitandani, akamwekea mto mgongoni. Daktari alimweleza yote: ugonjwa, mionzi, picha iliyoonyesha njia moja ya mkojo imebanwa kidogo, jinsi watakavyoizibua kwanza. Omar alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno.

"Mzee, una swali?"

"Sina."

"Wasiwasi wowote?"

"Hakuna."

Niliisikia sauti ile nikaitambua. Ilikuwa ni ile yangu ya namba sita. Nikaelewa kwamba mume wangu naye alikuwa na mtu chumbani wa kumwonea haya, na mtu huyo ni mimi. Pengine alikuwa na la kuuliza kuhusu mke mwingine. Nikakusanya buibui langu nikainuka. "Nitakuwa nje," nikasema.

Omar akafumbua macho. Akanishika mkono, mbele ya daktari na muuguzi, yeye ambaye hata sokoni hutembea hatua tatu mbele yangu.

"Kaa, Tumu."

Nikakaa. Alitoa ile leso puani.

"Daktari, kabla ya Ramadhani niliona damu shukani," akasema. "Yeye hajui kama niliiona. Mimi ni mtu wa mikono mizito, kazi yangu ni ng'ombe. Nikajua nimemvunja ndani. Nikahama chumbani ili nisimmalize. Halafu mnamwita, mnasema ni saratani. Miezi minne nauliza moyoni, na hakuna wa kumwuliza. Ni mimi?"

Mimi niliyewafunza wasichana miaka thelathini kwamba mume akihamia ukumbini, chungua simu yake! Nilikuwa nimeichungua. Ilikuwa na picha za ng'ombe.

"Si wewe, mzee," Daktari Mramba akasema, bila kugugumia hata kidogo. "Ugonjwa huu huanza miaka mingi kabla haujaonekana. Ulikuwapo kabla hujamwoa. Mikono yako haikufanya kitu."

Rangi ilikuwa imemtoka Omar usoni, na Pola akamkaribia kwa tahadhari, lakini hakuanguka. Alipumua, kisha akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Na baadaye, akishapona. Nitamuumiza?"

"Hilo mwulize mwenyewe," daktari akasema.

Omar akanigeukia. Wari wangu wote sitini na tatu, bila kubakisha hata mmoja, waliniuliza siku ya mwisho: ataniumiza? Nami niliwajibu wote papo hapo, kwa uhodari. Lakini katika miaka hiyo yote sikuwahi kusikia mwanamume akiliuliza swali hilo kutoka upande wake.

"Tumu," Omar akasema, "nitakuumiza?"

"Sijui," nikamwambia. "Tutakuwa tukiulizana."